Glavu ya Padre Hieronim

Mwaka umekatika, Padre Hieronim, kaka yetu, tangu ulipoanguka kwenye theluji ya kijiji cha Brzezina ukiwa katika kubariki nyumba baada ya Noeli. Ilikuwa imebaki nyumba moja tu, ya Bibi Leokadia.

Miaka yote uliyokuwa mlezi seminarini, mafrateri walikuogopa kuliko mtihani wa teolojia. Uliwafundisha kubisha hodi na kusubiri, kuomba radhi, kula viazi vilivyoungua bila kununa. "Kwanza uwe mtu," uliwaambia, "halafu upadre utapata pa kukaa." Mikono yako ilikuwa ya baridi siku zote, ndiyo maana dada yako Genowefa alikuvisha glavu za kijivu hata kwenye jeneza. Sote tuliziona.

Mpwa wako Bogumił sasa ni shemasi. Kichwa anacho, lakini watu wanamchosha, na Gombera, mkuu wa seminari, alitwambia wazi: asipojifunza kukaa na watu, Mei hapewi daraja la upadre. Mwezi huu akatumwa Brzezina kubariki nyumba. Akazipitia mbio mbio: sala, alama ya baraka kwa chaki mlangoni, kwaheri.

Nyumba ya kwanza alikuta kiti kimeshavutwa, kina joto.

"Padre mwenzio katoka sasa hivi," mama mwenye nyumba akamwambia. "Kaniuliza mpaka habari za nyonga yangu. Kwani hamkupishana?"

Ya pili, hivyo hivyo. Ya tatu, chai ilikuwa imenywewa nusu, haina sukari, kama ulivyoipenda. Nje, kwenye theluji, nyayo zilikuwa za Bogumił peke yake.

Kwa Bibi Leokadia hakutaka kuingia. Bibi aliwahi kumwita jogoo mbele ya watu, na kinyongo kilikuwa hakijamtoka. Alikuwa ameshalipita geti aliposikia akiitwa.

"We jogoo! Njoo uchukue glavu ya mjomba wako. Kasema utaifuata."

"Mjomba alikufa, bibi."

"Najua alikufa, nilikuwa mazishini. Unaingia au nifunge? Baridi hiyo!"

Glavu ilikuwa mezani, imelowa theluji, na kwenye dole gumba ina kile kiraka cha uzi mwekundu alichokishona Genowefa. Bogumił alikaa. Alimwomba bibi radhi, akala supu yake ya kabichi, akamsikiliza mpaka mishumaa ikaisha. Kesho yake akarudi kubisha hodi kila nyumba aliyoikimbia.

Kaburi hatujalifukua, wala hatutalifukua. Tunaogopa, kaka. Genowefa huianika glavu karibu na jiko, na kila asubuhi anaikuta mbichi. Bogumił ameapa kukuletea kaburini mwenyewe siku atakapopewa daraja. Gombera bado hajasema neno. Akikataa, hatujui utaifuata kwa nani.

Unakumbukwa na dada yako Genowefa, kaka yako Walenty na mkewe Bronisława, mpwa wako shemasi Bogumił, na mafrateri uliowalea.

Hatutakusahau kamwe, Padre. Tunakuomba tu uvumilie baridi ya mkono mmoja mpaka Mei.