Ninakubali Kila Kitu Tangu Yudron Afe

Mpendwa mama mshauri, nakuomba unisikilize maana hapa kwenye nyumba yetu ya watawa wa Kibudha kila mmoja ana majonzi yake. Mimi ni mtawa mwanafunzi hapa Dharamsala, nilikuja kutoka milima ya Kinnaur nikiwa sijui kusoma Kitibeti hata neno, na aliyenifundisha ni Yudron, mwenzangu wa mdahalo, aliyekuwa akitazama mwandiko wangu na kusema, “Mdogo wangu, herufi zako zina vitambi, zipunguzie uji wa tsampa!” Jioni tulikuwa tunatembea huku na huku uani tukikariri kwa sauti, kila mmoja na ukurasa wake, na wakati wa mdahalo alikuwa anaficha kipande cha jibini kavu shavuni, nikimbana kwa swali gumu anakihamishia shavu la pili, ndipo nilipokuwa najua nimemshika. Alifariki kwa ugonjwa wa mapafu kabla ya majani kuanguka, na wiki saba za kumwombea zimekwisha.

Sasa mwalimu wetu Thokme amenipa mwenzangu mpya, Lhazin, msichana wa Zanskar mwenye akili kali, na anataka tuandikishwe pamoja kwa mdahalo wa majira ya baridi, watawa wa nyumba nyingine watakapokuja. Lakini mama, nikikaa mbele yake moyo wa kubishana sina, naona kama nampa mgeni mahali pa Yudron, basi kila anachosema najibu “nakubali” ili tumalize. Juzi alisimama, akapiga makofi kama afanyavyo kila anayeuliza, akaniuliza kama chungu ni kitu cha milele.

“Nakubali,” nikasema.

“Kwa hiyo hakuna aliyekifinyanga?”

“Nakubali.”

“Kwa hiyo nikikipiga teke hakivunjiki?”

“Nakubali.”

Wenzetu walicheka mpaka wakashika mbavu, ila Lhazin alishusha mikono akaniambia polepole, “Dada, bora unitukane. Unanihurumia au unanidharau?”

Nikainuka nikaenda zangu. Mwalimu anataka neno langu wiki hii. Je, nibaki, au nirudi Kinnaur kwa mama yangu nikamsaidie kuchuma matofaa?

Mtawa wa Kinnaur

JIBU

Pole sana, binti yangu. Nimesoma habari za lile jibini nikacheka. Ulikuwa na rafiki wa kweli.

Lakini acha nikugombeze. Hiyo “nakubali” yako, kwa mwenzako ni mlango uliofungwa. Lhazin ameacha kwao, njia za huko zimezibwa na theluji mpaka kiangazi, amekuja kutafuta elimu, na wewe unamkalisha azungumze na ukuta! Anakuuliza kama unamdharau nawe unainuka kwenda zako? Yudron angekupokea hivyo ulipofika hujui herufi, leo ungeniandikia barua hii kwa lugha gani?

Najua unachoogopa. Unaogopa siku utakayobishana na Lhazin mpaka ukacheka, halafu ukagundua kwamba mchana kutwa hukumkumbuka Yudron. Siku hiyo itakuja, binti yangu, na hutakuwa umemkosea mtu. Jioni utamkumbuka tena.

Matofaa ya mama yako yana wachumaji. Usiende. Ukitoka sasa, utaogopa uwanja wa mdahalo maisha yako yote. Kesho asubuhi, kabla ya chai, mwambie Mwalimu Thokme aandike majina yenu mawili. Lhazin mwombe radhi kwa maneno machache, bila hotuba. Kisha yeye ndiye akae na wewe usimame, kwa sababu anayekaa anaweza kujificha nyuma ya “nakubali”, lakini anayesimama hana budi kuuliza. Muulize jambo ambalo hata wewe hujui jibu lake. Akiteleza, mpigie makofi mbele ya pua bila huruma, akikushinda, kasirika kama watu wengine.

Machozi yakija katikati, lia hapo hapo ulipo. Ukimaliza, uliza swali linalofuata.