Breki za Sahani

Jumanne, 18 Juni 1968

Bwana Elieza kaja gereji asubuhi na kisanduku kilichoshushwa na treni ya Dar. Huyu ndiye bwana shamba wa tumbaku, mwenye kile kigari chekundu cha viti viwili alichokinunua kwa Mzungu mpima ramani aliyerudi kwao. Kijana wa miaka ishirini na tisa. Hodari wa usukani, ila chini ya gari hajui kuna nini.

Kakifungua mbele yangu. Sahani mbili za chuma zinang'aa, na vyuma viwili vya kuzibana. Na kijitabu cha Kiingereza. Breki mpya! Anataka nizitie magurudumu ya mbele badala ya breki za ngoma zilizopo, kabla ya mashindano ya Saba Saba kule uwanja wa zamani wa ndege. Mizunguko kumi na miwili. Akauliza: Mzee Shomari, hizi unazijua?

Nikasema nazijua.

Sizijui! Miaka thelathini na moja niko chini ya magari, sahani hizi nimezisikia tu. Ulimi umetangulia, mimi nimeufuata nyuma. Walikuwepo watu watatu kwenye benchi wananisikiliza. Hiyo tu ndiyo sababu, sina nyingine.

Alhamisi, 20 Juni

Nimefungua gurudumu la mbele la kushoto. Nikaweka sahani hivi, nikaigeuza vile. Kijitabu kina picha zenye mishale na namba, maneno naambulia moja moja. Saa nzima! Nikarudisha gurudumu kama lilivyokuwa.

Jioni nikajaribu njia nyingine. Nikamwambia Bwana Elieza sahani ni mapambo tu, gari lenyewe jepesi, ngoma zilizopo zikitiwa laini mpya, zile bitana za kusugua ndani, zitamtosha. Niliongea kama mufti. Kasikiliza kwa adabu. Kisha akasema yule Mzungu alimwonya: barabarani ngoma zinatosha, ila kwenye mashindano, ukifika mzunguko wa sita, zimepata moto, unakanyaga hupati kitu. Ni kweli hivyo, Mzee?

Ni kweli. Nani ajuaye kuliko mimi? Mwaka hamsini na sita, mteremko wa Sekenke, niliona lori la pamba ngoma zimewaka nyekundu, dereva anakanyaga hewa tupu. Tuliwatoa wawili chini ya magunia. Mmoja alikuwa ameshakufa. Lakini leo nimejibu: inategemea fundi.

Akacheka. Basi zitie tu, fundi si ninaye? Kesho anakwenda Urambo kwa wakulima, atarudi tarehe mosi. Gari kaniachia.

Jumapili, 23 Juni

Bernardo kapita kwa baiskeli akitoka kanisani. Alikuwa mwanafunzi wangu miaka sita. Sasa yuko karakana ya reli, walimpeleka masomoni mwaka mzima, Kiingereza anakisoma kama gazeti. Mimi nilimfukuza. Aliniambia mbele ya mteja, "Mwalimu, hiyo springi umeigeuza." Na kweli nilikuwa nimeigeuza! Siku hiyo hiyo nikamwambia achukue vyake.

Leo kapunguza mwendo mlangoni. "Shikamoo, mwalimu." Kisanduku kiko hatua mbili kutoka miguuni pangu. Neno moja tu lilitakiwa. Nikaitikia marahaba, nikainama kutafuta spana ambayo nilikuwa nimeishika mkononi.

Jumatano, 26 Juni

Kikao cha ushirika. Tumeungana mafundi wa mitaa ya Kanyenye na Ng'ambo hapa Tabora, na mwenyekiti ni mimi. Masolwa, katibu wetu, kasimama kuhutubia. Kasema wakati wa mkoloni gari la namna ile lingepelekwa Nairobi, lakini leo linatiwa breki za kisasa hapa hapa Kanyenye, kwa mikono yetu. Huko ndiko kujitegemea! Ukumbi wote makofi. Na mimi nikapiga. Nilipiga makofi!

Babu yangu alikuwa mpagazi. Alibeba pembe kutoka hapa mpaka Bagamoyo mara nne, na mzigo hakuutupa porini hata siku moja. Mjukuu wake kashindwa na kisanduku cha ratili thelathini, nacho kiko kando ya benchi lake mwenyewe.

Ijumaa, 28 Juni

Nimefanya ninaloliweza. Laini mpya, nimezipiga msasa mpaka zikalala sawasawa ndani ya ngoma. Mafuta mapya ya breki, upepo nimeutoa wote. Breki za ngoma nzuri kuliko hizi Tabora nzima hakuna. Hilo si uongo.

Kuluthumu kaniletea chakula baada ya sala. Mke wangu hapendi sinia iwekwe chini, kaiweka juu ya kisanduku. Akakisukuma kwa mguu, akauliza kina nini hiki, mbona kizito. Vyuma chakavu, nikasema. Basi vitupe, Baba Mwanamkuu, vinaziba njia.

Nimekula pilau juu ya breki za mtoto wa watu.

Jumatatu, 1 Julai

Karudi. Vumbi la Urambo mpaka kwenye nyusi. Shikamoo, marahaba, halafu swali: "Mzee, breki umefunga?"

Nikajibu: "Nimefunga."

Niandike hili sawasawa, maana hapa hanisomi mtu. Asubuhi nililitoa gari mpaka njia ya Ipuli, nikaenda kasi, nikakanyaga, likasimama. Kwa hiyo breki nilifunga — kama dereva yeyote anavyofunga breki akiona ng'ombe njiani. Yeye aliniuliza kama nimezifunga zile mpya kwenye gari. Neno ni moja, lina mlango wa mbele na mlango wa uani, na mimi nimetokea uani.

Wala halikuniponyoka. Nimeliandaa tangu Ijumaa! Nalizungusha mdomoni: akiuliza hivi nitajibu hivi, na sitaandikiwa kusema uongo. Njia ya Ipuli nilikwenda kwa ajili hiyo tu, nipate cha kujibu. Mtu mzima wa miaka hamsini na mmoja, mwenye mjukuu. Naona haya hata mbele ya kalamu.

Akanishukuru. Akachukua gari lake. Kisanduku nimekifunika gunia.

Jumanne, 2 Julai

Sikula mchana. Nimesingizia tumbo.

Alhamisi, 4 Julai

Majaribio ya uwanjani. Kila gari mizunguko miwili. Bwana Elieza kapita kama mshale, kona kaikata, kasimama palepale alipotaka. Kashuka mbio, kanikumbatia mbele ya watu na ovaroli langu la grisi. "Mzee, tofauti ni ya usiku na mchana!" Ni zile laini mpya, baba. Mizunguko miwili hata ngoma mbovu zinashika. Masolwa alikuwepo, akageuka kuwatazama wenzake kama kwamba kazi ni yake.

Lakini kuna kitu nimekiona mimi peke yangu. Kabla ya kona wamepanga mapipa matatu meupe, ya kumwonyesha dereva umbali uliobaki. Wiki ya kwanza ya Juni, kabla ya haya yote, Bwana Elieza alikuwa anakanyaga akifika pipa la kwanza. Leo kalipita la kwanza, kakanyaga la pili. Na kasema mwenyewe, anacheka: Jumapili gari naliacha mpaka la tatu.

Anaziamini sahani. Ningemwambia ukweli tangu siku ile, angeendesha kwa woga wake wa zamani, na woga ule ungemlinda. Mimi ndiye niliyemwondolea.

Ijumaa, 5 Julai

Mama yake kashuka treni kutoka Bukene. Mama Apolinaria, mjane, na mtoto wa kiume ni huyu mmoja. Kaja moja kwa moja gereji, kabla hata hajafika kwa mwanawe, na jogoo chini ya kwapa na mchele kwenye kitambaa. "Mwangaluka, baba," kanisalimu kwa lugha ya kwao. Kasema mashindano haya hayataki, hajalala tangu aliposikia. Ila mwanawe kamwandikia kwamba fundi wake ni mtu mzima, mcha Mungu, kamtilia breki ambazo hata Dar hawana. Basi nimekuja nikuone, baba.

Kanishika mikono yote miwili. Kaitazama, kaigeuza. Sijui nilisema nini. Nadhani nilisema karibu, karibu sana.

Jumamosi, 6 Julai

Nimekwenda. Alfajiri nimefunga kisanduku nyuma ya baiskeli, nikaenda kwa Bernardo, nyumba za reli. Nimekaa nje kwenye jiwe mpaka akatoka na mswaki mdomoni. Shikamoo, mwalimu. Nikafunua gunia.

Kakisoma kijitabu kimesimama — yeye ndiye aliyesimama, hata kuandika siandiki vizuri leo. Kasema kazi ya saa nne, tano kwa watu wawili. Si ngumu, mwalimu, boliti zake zinaingia palepale pa zamani, ukigeuza tu hiki kipande. Akanionyesha. Dakika moja! Ningeweza. Ilihitaji dakika moja na mtu wa kunisomea.

Hakuniuliza kwa nini. Hilo ndilo lililonimaliza.

Tukaenda pamoja mpaka uwanjani. Magari yote yako ndani ya kamba, yana mlinzi. Jana jioni yalikaguliwa: taa, honi, usukani, wamekanyaga pedali wakaiona ngumu, wakapiga muhuri. Hakuna kugusa tena mpaka mashindano yaishe. Bernardo kasema basi imebaki kumwambia mwenye gari ajitoe. Mwambie leo, mwalimu. Wewe ukishindwa, nitamwambia mimi. Nikasema nitamwambia mwenyewe, niachie.

Nilifika kwa Bwana Elieza saa kumi. Mama yake anachambua mchele uani. Bwana Elieza kanitolea kiti, kaninunulia soda, kauliza kulikoni, Mzee.

Nikasema nimepita kuwajulia hali tu.

Jumapili, 7 Julai. Uwanjani.

Naandika nimeegemea pipa la maji, nyuma ya magari. Watu wengi, bendera kila mahali, shule zimeimba, hotuba zimekwisha. Magari yanatoka matatu matatu. Kundi letu ni la pili. La kwanza liko mzunguko wa nane.

Asubuhi Bernardo kaniuliza kwa mbali, kwa macho: umemwambia? Nikaitikia kwa kichwa. Akashusha pumzi, nikamwona. Akaenda kukaa upande wa pili na watoto wake.

Nilikuja kusema. Wallahi nilikuja kusema. Nimemkuta Bwana Elieza anahangaika: kila gari linatakiwa kuwa na mtu wa pili, na mwenzake, Silasi wa posta, kaamka na homa. Kaniona. Uso wote ukafunguka. Mzee, panda wewe! Nani anastahili zaidi? Mama yake yuko pale pale, kaweka mkono kifuani, kasema fundi mwenyewe akikaa humo, basi mimi nitatazama, sitafumba macho.

Pale palikuwa pa kusema. Hakuna pengine. Wawili tu, na mimi.

Nikasema sawa.

Wamenipa kofia ngumu, inanibana masikioni. Nimejiambia nikiwa ndani nitampigia kelele akanyage pipa la kwanza. Hatasikia, kile kigari kinanguruma kama mashine ya kusaga. Na akisikia atauliza kwa nini. Kisha nimejiambia uongo mwingine, kwamba tukifa wote deni limeisha. Na mama? Shomari, na yule mama?

Kufa siogopi. Nimejipima, nimekaa hapa nimejipima vizuri kabisa, siogopi. Ninachokiogopa ni huyu kijana kugeuza uso na kunitazama akishajua. Hicho tu. Kwa hicho tu nampeleka mtoto wa mtu kwenye ile kona. Hivi ndivyo nilivyo, na sikujua mpaka leo.

Kundi la kwanza limemaliza. Masolwa kashika kipaza sauti: sasa wananchi, gari jekundu, lenye breki za sahani zilizofungwa na mwenyekiti wetu Mzee Shomari, na mwenyewe atakuwemo ndani!

Makofi. Bwana Elieza kawasha, ananiita kwa mkono.

Upande wa pili Bernardo kasimama. Kasikia. Anatazama gari, ananitazama mimi na hii kofia. Kamweka mtoto chini. Karuka kamba, anakata uwanja, anakuja mbio, anapiga kelele isiyosikika.

Ni mbali kidogo. Nikienda sasa hivi, nitakuwa nimeshaingia kabla hajafika.