Maji ya Wageni

Jumatatu, 3 Machi
Foleni bombani tangu alfajiri. Mwanangu Lemi kanifuata na kidumu chake ingawa nilimkataza. Matege yake yamezidi. Daktari alishasema ni madini ya maji haya haya tunayokunywa. Miguu ya mdogo wake, Naomi, bado imenyooka. Kila asubuhi naikagua. Kikundi chetu kimeomba ruzuku ya serikali tujenge matangi ya mvua. Wakaguzi wa halmashauri wanakuja Alhamisi.

Jumatano, 5 Machi
Kikao. Mama Eliya, mwenyekiti wetu, kapanga kama harusi. Vitenge sare. Mbuzi. Maji ya chupa, katoni mbili kutoka Arusha mjini, maana mgeni hapewi maji yetu, atatusema. Na watoto wenye matege wapelekwe kwa bibi zao, wasitutie aibu. Nikasema jamani, si ndicho wanachokuja kukiona? Nikaambiwa nina mdomo. Basi.

Alhamisi, 6 Machi
Wamekuja watatu. Wamekula, wamesifu. Tumewaimbia. Mvua ikaanza, bombani hawakufika. Dada mwenye fomu kauliza hali zetu, shida hasa iko wapi. Mama Eliya kajibu hatujambo, tunamshukuru Mungu, shida ndogo ndogo tu. Hatujambo! Huyu hata akizikwa atasema hajambo. Dada kaandika. Nina hasira.

Jumanne, 25 Machi
Matokeo yamebandikwa ofisi ya kata. Umoja wa kikundi: alama za juu. Usafi: za juu. Uhitaji: mdogo. Tumekosa.
Mtendaji anasema wakaguzi hutoa alama kwa walichokiona. Tuombe tena mwakani. Mwakani! Mifupa ya mtoto inasubiri mwakani?
Mama Eliya kakaa chini pale pale mlangoni, analia. Nilikwenda nimtukane. Nikakumbuka mjukuu wake naye ana matege. Nikamshika mkono, tukarudi.

Jumamosi, 29 Machi
Naomi kaondoka na dada yangu, atakaa naye Moshi. Maji ya kule hayana shida hii. Ana miaka mitatu tu. Nimelia, sifichi.
Lemi kambebea begi mpaka barabarani, hakutaka kusaidiwa. Gari lilipoondoka kaniuliza, yeyo, mama yangu, na mimi lini? Nikamwambia wewe mkubwa, nani atanisaidia kazi? Nimemdanganya. Dada yangu ana nafasi ya mmoja, na miguu ya Lemi haitanyooka tena popote.
Jioni tumekwenda kuchota maji.