Mapigo Manne Kabla ya Mwisho wa Ukurasa

Mama,

Mwalimu wetu wa Kiswahili anasema barua huanza kwa kumjulia hali yule unayemwandikia. Mimi sitakuuliza. Nitakupa habari zetu tu.

Hii ni wiki ya saba tangu tukuzike. Mama mdogo Sifa amehamia kwetu na analala kitandani kwako, upande wa ukutani, ule ambao wewe hukuwa ukiulalia. Meza yako ya vitenge kule soko la Owino sasa anaisimamia yeye. Anasema wateja wako wakifika huchungulia nyuma yake, kana kwamba umeinama unatafuta kitu chini ya meza. Anawaambia. Wengine wananunua, wengine wanaondoka. Mimi naenda shule kila siku. Nimepata alama nzuri za hisabati, ingawa sikumbuki vizuri kuufanya mtihani wenyewe.

Sijalia bado. Watu wa kanisa walikuwa wananishika mabega na kusubiri, nami nikawa nasubiri pamoja nao, lakini hakuna kilichokuja. Mama mdogo akawaambia, "Muachie mutoto. Kila mutu na saa yake." Nilimshukuru kwa hilo, ila sikumwambia.

Ninachotaka kukueleza hasa ni habari ya kibao. Kuna kosa langu ndani yake, kwa hiyo nivumilie nianze mbali kidogo.

Nadhani hukusahau siku kilipofika kutoka Kanada, kimetumwa na yule mwimbaji wetu wa zamani aliyehamia huko. Kifaa cha kusomea vitabu, kikubwa kama sinia, chembamba, hakina rangi hata moja. Kwaya nzima ilikizunguka. Papa Deo wa sauti ya besi alikigongagonga kwa kidole akasema, "Mama Faida, batu ba Kanada bametutumia televizio yenye ilishakufa!" Ukacheka mpaka ukakaa chini. Wewe ndiye uliyekiita kibao, ukasema ni kama kile ulichoandikia darasa la kwanza, isipokuwa hiki hakihitaji chaki.

Daftari lako la nota lilikuwa limelowa siku maji ya mvua yalipoingia nyumbani. Tulianika kurasa kwenye kamba kama soksi, kisha tukazipeleka kwa mama wa fotokopi karibu na shule yangu Mengo, akazipitisha kwenye mashine yake moja moja, na nyimbo zako zote zikaingia kwenye kibao. Kwenye simu ulikuwa ukiuvuta wimbo huku na huku, kama mtu anayechungulia harusi kupitia tundu la mlango. Kwenye kibao ukurasa mzima ulionekana, mwandiko wako na ukubwa wake uleule, do na re na mi zimejipanga, hata doa la chai. Uliutazama, ukasema, "Njo vile," yaani ndivyo hasa. Basi.

Tulikuwa na sheria zetu. Asiyenawa mikono hakigusi. Aliyekula mandazi hakigusi hata akinawa. Kioo kilifutwa kwa kipande kimoja tu cha kitenge cha bluu. Kwa kuwa hakina mwanga wake, tulihamisha kinanda hadi dirishani, na siku za mvua nilikimulika kwa simu. Nilikitia umeme mara moja tu kila baada ya wiki kadhaa. Umeme wa kanisani ukikatika kinanda kilinyamaza, ngoma zikachukua, na wimbo wako ukabaki pale kwenye kioo kama vile haukusikia. Hata ukikizima, ukurasa wa mwisho ulibaki umeandikwa. Papa Deo hakulizoea jambo hilo. "Zima ile kitu, inakula umeme bule!" Kila Jumapili ulimweleza kwamba hakili chochote, na kila Jumapili alitikisa kichwa kama mtu anayedanganywa.

Shida yake ilikuwa moja. Ukigeuza ukurasa, kioo kinakuwa cheusi kwanza, halafu cheupe, ndipo maandishi yanapojikusanya polepole. Kwa mtu anayesoma kitabu si kitu. Nasoma vitabu vya shule humo na hata sioni tena. Lakini mpiga kinanda ana mikono miwili juu ya funguo na kwaya nzima mgongoni, na ule weusi unamkuta katikati ya mstari.

Wewe ulipata dawa yake siku ya pili tu. Uliniweka kwenye kigoda kulia kwako, kidole changu ukingoni mwa kioo. Mapigo manne kabla ya mwisho wa ukurasa uliinamisha kichwa kidogo, nami niligusa. Yale mapigo manne uliyapiga kwa kumbukumbu, gizani, na maandishi yaliporudi mikono yako ilikuwa imeshafika mahali pake. Mwanzoni nilikuwa nagusa mara mbili kwa woga, wimbo ukaruka kurasa. "Usigeuze kama unafukuzwa na mbwa," uliniambia kwa kona ya mdomo, huku ukiendelea kupiga na kuwatabasamia watu.

Hukuyaandika haya popote. Hukumwambia mtu. Hakukuwa na haja, maana nilikuwepo mimi.

Ulianguka sokoni siku ya Jumatano, na Ijumaa ukaondoka. Jumapili tatu za kwanza tuliimba kwa ngoma tu. Ya nne wakamweka Riziki kwenye kinanda. Ndiyo, Riziki wako, yule dada wa saluni kule Namuwongo uliyemfundisha sebuleni kwetu kwa karatasi. Alikuja na gauni la kijani. Alinawa mikono bila kuambiwa, akakaa, akanigeukia na kusema, "Faida, usiguse mpaka nikwambie."

Akaniambia pale ambapo mtu yeyote angeniambia: alipomaliza kabisa, pigo la mwisho, ndipo akainamisha kichwa. Nikagusa. Kioo kikawa cheusi. Mikono yake ikabaki hewani. Sauti za kike zikaendelea, kisha zikapungua, besi ikaingia wimbo mwingine kabisa, na mtu akacheka.

Mama, nilijua. Nilikuwa nimekaa palepale, kidole ukingoni, na nilijua tangu kabla hajafika mwisho wa ukurasa. Nikanyamaza. Nilijiambia kwamba natii, kwamba mkubwa kasema nisiguse mpaka aniambie. Jumapili iliyofuata ikawa hivyo hivyo, na ya tatu pia. Papa Deo alimwambia mbele ya watu, "Riziki, dada yangu, unatuacha ku njia! Mama Faida alikuwa anatufikisha!" Watu wakaangua kicheko. Riziki naye alicheka pamoja nao, na shingo yake ilikuwa imetoka jasho.

Baada ya ibada mke wa mchungaji alituita pembeni. Alisema kwa upole kwamba kama Jumapili ijayo itakuwa hivyo tena, tutarudi kwenye karatasi zilizopo, na kibao nitapewa mimi nikakiweke nyumbani kama kumbukumbu ya mama yangu. Akanipapasa shavu.

Nitakueleza kweli nilichosikia moyoni. Haikuwa furaha. Ilikuwa kitu kidogo, kama mtu anapovua kiatu kinachobana. Nikaona kibao mezani kwetu, chini ya kitambaa chako, bila mtu wa kukishika. Karatasi zilizopo ni za nyimbo za kitabuni, ambazo kila kanisa linaziimba. Zako hazimo, maana zile kurasa tulizoanika zimeharibika kabisa. Nililijua hilo pia. Nilihesabu siku mpaka Jumapili na sikusema neno kwa mtu yeyote, hata kwa mama mdogo.

Sijui kama umeshakasirika. Naendelea.

Jumamosi ilikuwa mazoezi. Nilifika mapema, nikamkuta Riziki peke yake nyuma ya kanisa kwenye bomba, anaosha vikombe ambavyo vilikuwa safi. Macho yake yalikuwa mekundu. Nikachukua kitambaa, nikaanza kukausha. Kisha akasema, bila kunitazama, "Mama yako alinifundisha kila kitu. Hii tu hakunifundisha. Labda hakutaka nikae pale."

Nilikuwa na kikombe mkononi. Nikakikausha tena.

Wewe huwezi kumjibu, Mama. Ndilo nililolifikiria. Ungekuwepo ungemtupia kitambaa, ungemwambia, "Weye Riziki, wacha upumbavu, kuja hapa." Aliyekuwepo ni mimi. Na nisipomjibu ataamini hivyo mpaka azeeke, kwamba hukumtaka, nami ndiye nitakayekuwa nimesema hivyo kwa mdomo wako.

Nikamwambia kwa heshima ya dada mkubwa, "Yaya, unachelewa kuinama. Inatakiwa mapigo manne kabla. Yale manne unayapiga bila kuona."

Akafunga bomba. Akanigeukia.

"Jumapili zote tatu ulikuwa unajua?"

"Ndiyo."

"Ulikuwa umekaa pale na ulikuwa unajua."

"Ndiyo, yaya."

Nilisubiri anipige au aondoke. Alitikisa maji ya mikononi mwake, mengine yakanipiga usoni, sijui kama alikusudia. "Weye ni mutoto mubaya sana," akasema. Kisha akapangusa mikono kwenye sketi yake, na sauti ikabadilika. "Mapigo manne ya wimbo wa haraka, ao hata ya ule wa polepole?"

Lilikuwa swali zuri. Sikuwahi kulifikiria. Tukaingia ndani kulijaribu, na ikaonekana kwamba kwenye nyimbo za polepole wewe ulikuwa ukiinama mapigo mawili tu kabla, na mimi nilikuwa nikikufuata bila kujua kwamba nakufuata. Kwa hiyo kuna jambo nililofundishwa na Riziki siku hiyo kuhusu wewe.

Hawezi kuinamisha kichwa huku akipiga. Amejaribu. Akiinama nywele zake za kusuka zinamfunika macho na anapoteza funguo. Anainua bega la kushoto badala yake, kama mtu aliyeumwa na mdudu. Mara ya kwanza nilicheka, akanipiga teke chini ya kinanda. Tulirudia ule wimbo wako wa shukrani mpaka wenzetu wakaanza kuingia, na mke wa mchungaji akasimama mlangoni na mkoba wake begani, kisha akakaa nyuma.

Jumapili mvua ilinyesha asubuhi kisha ikaacha. Dirishani kulikuwa na mwanga wa kutosha. Riziki alikaa, nami kulia kwake. Ukurasa wa kwanza ulipokaribia kwisha niliona bega likiinuka, nikagusa. Kioo kikawa cheusi. Akapiga moja, mbili, tatu, nne, ndani ya ule weusi, na maandishi yako yakaja, na mikono yake ilikuwa pale. Wale wa sauti ya alto hawakuyumba. Papa Deo hakugeuka. Hakuna mtu yeyote aliyegeuka kutazama, Mama. Waliimba tu. Walikuwa wanauimba wimbo wako na wanapiga makofi, na mtoto mmoja wa mstari wa mbele alikuwa amelala usingizi mzito.

Nilifikiri kwamba hapo nitalia. Sikulia. Nilikuwa na kazi, ukurasa wa pili ulikuwa mfupi.

Baada ya ibada mke wa mchungaji alipita akasema, "Basi kinabaki," akaendelea na safari yake ya kusalimia watu. Nilikifuta kioo, nikakifunga kibao kwenye mfuko wake, nikampa Riziki akiweke kwenye kabati la kanisa, lile lenye kufuli. Ufunguo anao yeye. Nilirudi nyumbani mikono mitupu, na njiani nikagundua kwamba nina njaa. Njaa ya kweli. Mama mdogo alikuwa amepika sombe ya majani ya muhogo na samaki. Nilikula, nikaongeza, na yeye alijifanya hatazami.

Sasa nimemaliza kazi za shule na mama mdogo ananiita nikaanue nguo, kwa hiyo nakuaga. Nisamehe zile Jumapili tatu. Riziki bado hajaniambia kwamba amenisamehe, ila jana alinisuka nywele bila kuniuliza, na alivuta kwa nguvu.

Ninakuahidi hivi. Nyimbo zako ambazo hajazipiga bado ni kumi na moja. Kila Jumamosi nitakaa naye kwa wimbo mmoja, nimwonyeshe mahali ulipokuwa ukiinama na mahali ulipokuwa ukisubiri, na tutaandika pembeni mwa ukurasa, kwa ile kalamu iliyokuja na kibao, ili siku nikiwa mgonjwa au nikisafiri mtu mwingine aweze kukaa kwenye kigoda changu. Katika ule wimbo wa Pasaka kuna mahali ulipokuwa ukikosea kila mara. Nilijua, nawe ulijua kwamba najua. Hapo nitamwacha apige kama ulivyoandika.

Kwaheri, Mama. Pumzisha mikono.

Mwanao,
Faida