Ukoo wa Menye

Jumatatu, 7 Juni 1999

Umeme umekatika tena saa nne. Nilikuwa sijahifadhi. Kazi yote ya asubuhi imeyeyuka, na Dokta Sefu, mkuu wa mradi, badala ya kunipa pole, ananiuliza kwa nini sikuhifadhi. Nimemjibu moyoni tu. Ana bahati.

Baridi ya Kimandolu mwezi huu haina adabu. Mlima haujaonekana tangu wiki iliyopita. Vidole vimekufa ganzi, bado nagonga: jina la ukoo, jina la kwanza, kijiji, mada. Sauti za wazee zilizorekodiwa kwenye kanda na vijana wa mradi kwa miaka kadhaa, zote ziingie kwenye kompyuta kabla ya mwezi kuisha, kisha zihamishiwe kwenye sidii. Wafadhili wana haraka. Wanasema ukifika mwaka elfu mbili kompyuta zitachanganyikiwa. Mimi nimewatangulia.

Sidii ni ghali, kwa hiyo Dokta ametoa amri. Kwa mada ya historia ya ukoo, kila ukoo kanda moja, ile yenye sauti safi. Zinazobaki zihesabiwe kuwa marudio, zitumike kwa kazi nyingine. Leo nimefika kwa akina Menye. Ukoo gani huu! Wazee tisa, vijiji tofauti, wote Waarusha, wote wanasimulia ukoo. Kama akina Mushi kwetu Machame, ukirusha jiwe unampata mmoja. Kiarusha sijui hata neno, nimesikiliza kelele za kanda tu. Nimebakiza ya Menye Lekishon. Nane nimezitia kwenye boksi.

Jumanne, 8 Juni

Mwalimu Elia wa kwaya yetu amepita ofisini kuomba kanda. Anataka kurekodi nyimbo za mashindano, kila mwimbaji kiongozi apate yake ya kujifunzia nyumbani. Kanda za sokoni zinakaanga kama mafuta. Nikamuuliza Dokta, akasema chukua hizo za marudio. Nimempa Elia boksi zima.

Ameniombea baraka palepale mlangoni. Nimejiona mtu mwema siku nzima.

Alhamisi, 10 Juni

Siku ya hovyo. Amekuja mwanamke kutoka Sambasha, anaitwa Naserian. Umri wangu hivi. Ameshuka na matope hadi magotini, ameleta loshoro, mahindi kwa maziwa ya mgando, kwenye kindoo, zawadi ya ofisi. Anataka kanda ya baba yake. Vijana wetu walimrekodi mwaka juzi, na mwaka huu mzee amefariki. Mama yake ni mgonjwa, macho yamekwisha, kila kukicha anamuulizia mume wake. Kwao hawana hata picha yake.

Nikamuuliza baba anaitwa nani. Nikauliza tena. Akatazama mlango. Nikamwambia, dada, hii mashine bila jina haitoi kitu. Akasema, "Siwezi." Hawezi nini? Kujua jina la baba yake mzazi? Dokta akaniita kwa sauti, Mama Neema, Mama Neema, foleni ya kazi inasubiri. Nikamwambia Naserian arudi akiwa amekumbuka.

Akumbuke! Nilisema hivyo hivyo. Alinitazama vibaya, na mimi nikamtazama vibaya.

Loshoro tumekula. Ilikuwa nzuri, na hilo ndilo linaloniudhi zaidi.

Jumapili, 13 Juni

Kanisani kwaya imeimba vizuri. Elia amesema hadharani kwamba kanda zangu zimeleta mabadiliko. Watu wamegeuka kunitazama. Yule mwanamke hanitoki kichwani.

Jumatatu, 14 Juni

Naserian amerudi. Hakukaa. Akasimama mbele ya meza akasema maneno yake kama mtu aliyeyafanyia mazoezi njia nzima. "Mama Neema, sisi aliyekufa hatumtaji. Si kwamba simjui baba yangu. Lakini juu ya kanda hawakuandika lile jina, nilikuwepo. Waliandika vile watu walivyokuwa wakimwita. Tafuta Menye Naserian."

Nikasema, kumbe nyie ni wa ukoo wa Menye. Akacheka. Mara ya kwanza namwona anacheka.

"Menye si ukoo. Menye ni baba. Baba wa Naserian. Mimi ndiye mtoto wa kwanza. Kama wewe ulivyo Mama Neema."

Nimetunga ukoo wa watu wanaoitwa Baba! Mimi, ambaye hata mchungaji hajui jina langu la ubatizo. Mtaani kwetu tuko Mama Neema, Mama Joni, Mama Upendo, na hajatokea mpumbavu wa kusema sisi ni ukoo wa Mama, tuchukue mmoja anatosha. Ilibidi nitokee mimi, na kompyuta.

Wazee tisa, koo tisa. Nimewafanya mmoja.

Sikumwambia. Nimesema kanda iko kwa fundi, aje Jumatano. Uongo wa mchana kweupe, malaika wote wameniona. Alipotoka nikaenda mazoezi ya kwaya mbio, nikakuta wametawanyika.

Jumanne, 15 Juni

Nimezunguka tangu alfajiri kama kuku anayetafuta pa kutagia. Kwa Elia, kwa mwimbaji wetu wa soprano kule Kijenge, kwa waimbaji wawili wa tenori kule Sakina, na kwa wengineo. Kanda saba nimezipata. Zote zimebanduliwa karatasi zetu, zimebandikwa mpya: *Sauti ya Kwanza*, *Sauti ya Pili*. Hakuna anayejua ipi ilikuwa ya nani.

Elia amekasirika. "Si ulisema ni tupu?" Ndiyo, nilisema. Ya nane iko kwa Bariki, anayeimba bezi, naye amekwenda kwa dada yake kule Makumira hadi mwisho wa wiki.

Sijala. Neema kaniuliza kama naumwa, nimemfokea bure. Mtoto hana kosa.

Jumatano, 16 Juni

Nimemwambia Naserian ukweli. Nilijiandaa kwa matusi, nikaandaa na majibu. Hakutukana. Akauliza tu, "Na sauti yake imeenda wapi?" Bora angenipiga.

Kwa sababu karatasi hazipo, ikabidi asikilize yeye. Kanda moja moja, pande zote mbili. Nyimbo zetu. Halleluya juu ya halleluya. Mimi niliyekuwa najivunia ile sauti yangu ya pili, leo nimeisikia ikipita juu ya wazee wa watu na nimeichukia. Mahali kwaya ilipoishia, wazee wanatokea vipande vipande: mmoja anakohoa, mwingine anacheka, mwingine anamaliza sentensi ambayo mwanzo wake hautajulikana tena. Kanda tatu zimeimbwa zote, hakuna kilichobaki. Naserian amewatambua majirani wawili kwa sauti. Baba yake hayumo.

Imebaki moja. Amesema tutakwenda wote Makumira Jumamosi. Hakuniuliza kama nataka.

Alhamisi, 17 Juni

Nimemweleza Dokta. Amevua miwani, amevaa, amevua. Yeye ni mtu wa Tanga, Kiarusha hajui kama mimi, lakini ripoti anazijua. Amesema kwenye kompyuta niandike *kanda mbovu*. Kanda huharibika, ni vumbi, ni unyevu, nani atauliza. Nikamwambia hazikuharibika, tuliimba juu yake. Akasema, "Mama Neema, mkataba wako unaisha tarehe thelathini. Fikiria."

Nimefikiria. Ada ya Neema. Mume wangu tangu kiwanda alichofanyia kazi kiuzwe anauza viatu vya mitumba, siku nyingine anarudi navyo vyote. Nimefikiria hadi kichwa kikauma, nikaandika: *Zimefutwa na ofisi hii kwa makosa.* Majina tisa, kila moja mahali pake, na neno Menye nimeliondoa kwenye ukoo. Kwenye ukoo nimeandika *haujulikani, waulizwe nyumbani.*

Nikahifadhi. Nikaenda chooni nikalia. Ni hasira zaidi kuliko huzuni, naijua tofauti.

Jumamosi, 19 Juni

Makumira. Mvua ya rasharasha, migomba inadondosha maji shingoni. Tumemkuta Bariki kwa dada yake anafua. Kanda iko ndani ya redio. Akaanza kugugumiza kabla sijamuuliza lolote: upande wa pili ameshaweka muziki wa dansi. Mwimbaji wa bezi wa Bwana huyu! Siku nyingine ningecheka wiki nzima.

Upande wa kwanza tukaucheza. Kwaya. Kwaya tena. Elia anahesabu moja mbili tatu. Kisha kikatokea kitu kama mlango unafunguliwa, na mzee akawa anazungumza, katikati ya neno, taratibu.

Naserian alikuwa amesimama. Akakaa chini kwenye sakafu, kanga mdomoni. Sikuhitaji kuuliza.

Sauti inakwenda hadi kanda inaisha, si haba. Lakini mwanzo wote umefunikwa na kwaya, pale vijana wetu wanapomtaka mtu ajitambulishe kwa jina lake kamili. Nikamwomba radhi kwa hilo pia. Akafuta macho. "Hilo ni afadhali," akasema. "Mama asingeweza kuisikiliza."

Nimevunja vile vijipembe viwili vya nyuma ya kanda kwa kisu cha dada yake Bariki, asitokee mtu wa kurekodi juu yake tena. Njiani nilikuwa naigusa mkobani kila dakika.

Jumatatu, 21 Juni

Nimemhamishia mzee kwenye sidii, peke yake, sidii nzima. Dokta amepita nyuma yangu mara mbili. Hakuuliza, na mkataba pia hakuutaja. Mwisho wa mwezi utafika wenyewe.

Nimemwomba redio ya ofisi kwa siku moja. Ametia sahihi bila kunitazama.

Jumatano, 23 Juni

Nimetoka Sambasha sasa hivi, miguu imejaa tope.

Mama yake Naserian ni mdogo kuliko nilivyofikiri, amefungwa shuka mbili, anakaa karibu na moto. Niliinama, akanigusa kichwani. Kiswahili hana, zaidi ya "karibu". Nikaweka redio juu ya kigoda, nikabonyeza. Kwaya ikaanza. Nikashikwa na wasiwasi wa betri. Duka la njiani lilikuwa na zile za rangi nyekundu tu, zisizodumu. Nikazima, nikasema ngoja nizungushe mbele hadi kwa mzee, hizi nyimbo si lazima.

Mama akasema kitu kwa Kiarusha. Naserian akanigeukia.

"Anasema usizungushe. Anasema baba hakuwa akimkatiza mtu akizungumza. Waache wamalize."

Nikabonyeza tena. Nikakaa. Mimi, ambaye sijui kukaa. Tukasikiliza kwaya yetu yote, nyimbo zote za mashindano, na pale tulipokosea tukarudia, na Elia akihesabu. Moshi unaniingia machoni. Ng'ombe nje. Mama ameinamisha kichwa kama anayesikiliza wageni wa heshima.

Kisha mzee akaanza.

Kila alipopumzika kidogo, mama akaitikia, "Ee." Si kwa nguvu. Kama mtu anayezungumza na mwenzake aliyekaa upande wa pili wa moto. Mzee anasema, mama anaitikia, mzee anaendelea. Nilipoendelea kusikiliza nikagundua kwamba mzee alikuwa akimwachia nafasi. Hata kwenye kanda alikuwa anatua, anangoja aitikiwe, na vijana wetu waliokuwa wameshika kinasa sauti walikuwa hawajui, walinyamaza tu.

Sikuelewa neno hata moja. Naserian hakunitafsiria, na mimi sikumwomba. Betri zilitosha. Walinipa maziwa, nikanywa, nikaiacha redio hapo hadi kesho.