Eda ya Redio

Likoni, Mombasa
2 Mei 1943

Mpendwa ndugu yangu Mwinyikombo,

"Redio haimjui Rama, basi ina sababu gani ya kumzulia kifo?" Hayo ni maneno yako mwenyewe, katika barua iliyonifikia juzi. Niliyasoma nimesimama kivukoni, nikayasoma tena nyumbani nimekaa, na mara zote mbili nimeyaona mabovu. Nitayajibu. Lakini wewe ulikuwa mwana wa mjomba wangu kabla hujawa mpinzani wangu, kwa hivyo salamu kwanza.

Assalaam alaykum. Kifua chako hakijambo? Na macho ya shangazi, yamepata nafuu? Sisi huku tu wazima. Mke wangu Kafedha goti lamsumbua tangu mvua zianze, lakini ulimi wake haujapata ugonjwa wowote, alhamdulillahi. Mchele umekuwa haba sana mwaka huu. Twala mhogo, na wageni hawaji mara kwa mara kama zamani.

Uliuliza, kwa kejeli niliyoitambua, ni kazi gani hiyo ya mtu mzima kulipwa ili asikilize maneno ya adui. Nitakueleza, maana jibu langu lote limo humo. Asubuhi navuka kwa kivuko, nakatiza kisiwani, napita daraja la Nyali hadi Kisauni. Ofisi yetu si siri. Mlingoti wake mrefu waonekana na kila apitaye njia. Ndani kila mtu avaa vyombo vya masikioni na kupewa lugha yake. Mimi nimepewa Kiarabu. Jirani yangu mezani ni Erastus, mzaliwa wa Frere Town, naye husikiliza matangazo ya adui ya Kiingereza. Tunasikiliza, tunaandika, tunapiga taipu, karatasi zinakwenda kwa wakubwa, basi. Hakuna ushujaa. Mengi tunayoyasikia ni hotuba, bei za ngano na muziki wa bendi.

Siku za kwanza nilikuwa na kosa moja. Mtangazaji akianza kwa kutoa salamu, nami huitikia kwa sauti, kama nilivyolelewa, na nikimaliza kuitikia sentensi ya kwanza ya habari imekwisha kupita. Erastus alikuwa akicheka: "Mzee Mwidani, huyo hakusikii!" Nikamwambia salamu ni ya Mungu, habari tu ndiyo yake. Siku hizi naitikia moyoni.

Lakini kanuni kubwa ya ofisi ni neno moja: imesemwa. Kila karatasi huanza nalo. Hatuandiki kwamba mji umeanguka. Twaandika kwamba imesemwa mji umeanguka. Atakayeliruka neno hilo hurudishiwa karatasi yake airudie yote, hata kama ni saa ya kwenda nyumbani.

Sasa sikiliza. Tangazo mlilolisikia huko Mikindani, Tanganyika, mwezi wa Januari, katika redio ya mwenye duka, nililisikia mimi pia, na ni mimi niliyeliandika. Meli siitaji, maana mkaguzi wa barua ana wino wa kutosha na sipendi kumchosha. Yatosha kusema ni ile anayofanyia kazi mwanangu Rama, mkweo. Nilipofika kwenye jina la meli niliacha kupiga taipu. Erastus akachungulia karatasi.

"Mzee, si ndiyo meli ya Rama hii?"

"Ndiyo."

"Na Rama mwenyewe yuko wapi?"

"Nimemwacha nyumbani, mguu juu ya mto, anamdai mama yake mahamri."

Erastus alicheka hata akavivua vyombo masikioni. "Basi mpe pole. Mwambie amezama, na marehemu hali mahamri."

Ndivyo ilivyokuwa, ndugu yangu. Rama aliumia mguu kazini akapewa ruhusa, na meli yenyewe nilikuwa nimeiona asubuhi ile kutoka juu ya kivuko, imefungwa gatini, mafundi wakiigonga nyundo. Nikaandika: imesemwa kwamba meli hiyo imezama na watu wake wote. Nilitamani kuongeza neno "mwongo" pembeni. Bwana mkubwa wetu akanikataza. "Ukijua ni uongo, andika karatasi nyingine utie sahihi yako," alisema. "Hii ni ya mtangazaji." Nikaandika ya pili, nikatia sahihi. Jioni nikamkuta marehemu amemaliza mahamri.

Wala sikujua kwamba huko Mikindani mmeweka matanga. Barua ya tanzia unayosema uliituma haikufika. Salamu ambazo Rama alimpa msafiri mmoja awaletee, naona nazo zilipotea njiani. Kwa barua yako hii ndipo nasikia kwamba Mwanamkasi, mke wa mwanangu, aliyebaki kwenu mumewe akiwa baharini, amekaa eda miezi yote hii, hana udi, hana wanja, hatoki uani. Kwamba eda inakwisha mwezi huu. Na kwamba posa imekwisha kuja, kutoka kwa huyo huyo mwenye duka. Simtuhumu mtu. Lakini aliyeleta habari ya kifo kisha akaleta posa, hata kadhi mwenye usingizi angemwuliza maswali mawili matatu.

Unasema redio haimjui Rama. Kweli, haimjui, na ndiyo maana haioni haya kumwua. Anayemjua Rama angeuliza kwanza kama siku hiyo alikuwa melini au alikuwa kitandani kwao.

Nikukumbushe jambo. Ramadhani iliyopita simu ilitoka Lindi kwamba mwezi umeandama. Nani alisimama msikitini akasema simu haina macho, hamjui aliyeipiga ni nani wala kama anaswali, na watu wakafunga siku ya thelathini? Ni wewe. Walikukasirikia, nami huku nilikusifu barazani kwa sauti kubwa. Mwezi uliukataa kwa simu ya Lindi, karibu na mlango wako. Mume wa mwanao umemkubalia kifo kwa sauti ya mtu aliyeko Ulaya, adui wa vita, anayelipwa ili azizamishe meli zetu kwa mdomo. Wallahi, sijaona hoja dhaifu kuliko hiyo kwa mtu mwenye elimu kama yako.

Usifikiri nakuandikia kwamba Rama yu hai. Mguu ulipopona alirudi kazini, mwezi wa Februari, na tangu hapo sijapata habari yake. Kafedha huniuliza kila jioni nikivua viatu: "Leo wamesema nini?" Nami humjibu kwamba hawakumtaja. Hilo si ushahidi wa uhai, na simwambii kuwa ni ushahidi. Ninachojua ni kwamba kifo mlichokifanyia hitima hakikutokea. La zaidi ya hapo silijui, na wewe hulijui. Na mke wa mtu asiyejulikana alipo ni mke wa mtu, mpaka kadhi aseme vinginevyo kwa mashahidi waliomwona kwa macho yao.

Nisalimie shangazi, na umwambie dawa ya macho nitamtumia nikipata mtu. Dada yangu Dhahabu awasalimu nyote, na Erastus pia, ingawa hamjamjua. Mungu akupe afya, azifungue njia kati yetu, na akutie moyo wa kurudi nyuma pale ulipokosea, maana moyo huo ni mgumu kupatikana kwa watu wa ukoo wetu, mimi nikiwa wa kwanza.

Sasa nadai, na nakudai wewe Mwinyikombo kama baba wa binti, pamoja na wale waliokaa nawe barazani wakaisikiliza redio ile. Mrudishieni mwenye duka posa yake. Mwondoeni Mwanamkasi edani siku ile ile barua hii itakapofika, mumpe udi wake na wanja wake. Kisha nendeni wote kwa kadhi, kila mmoja aulizwe mbele ya mwenziwe: ulimwona Rama akifa? Asiyeona aseme kwamba hakuona.

Mimi nduguyo nikupendaye hata katika ugomvi,
Mwidani