Mkono Nilioutoa Baa

Jumamosi

Zulia la baa ile linanata kwenye viatu, na bado nanuka bia hadi kwenye kitambaa cha kichwa. Kinyaa kitupu!

Ni Mzee Ron, ninayemhudumia, aliyenibembeleza nimpeleke baa ya mtaani kwao huku ughaibuni. Hawezi tena kutembea peke yake. Nikasema sawa, lakini mimi nakunywa soda tu.

Sasa mtu aliyelelewa Kisii ataingiaje ndani na kuketi bila kusalimia? Nikapita meza kwa meza nikitoa mkono. Wakanikodolea macho. Meza moja, mbwa alikuwa anaramba bia kwenye glasi ya mwenye mbwa, na mwenyewe akaendelea kuinywa!

Halafu kulikuwa na mzee mmoja wa kofia, meza ya pili yake. Alinipa vidole viwili, kisha akavipangusa kwenye suruali nikimwona.

"Huku hatusalimiani hivyo, Grace," Mzee Ron akaninong'oneza.

Nimechemka jioni nzima. Mkono huu unamwogesha mzee wao kila siku, leo umekuwa uchafu?

Nilitaka kuishia hapo kuandika. Lakini mkono wa mwenye mbwa ulikuwa na mate ya mbwa wake, nami nilijipangusa kwenye koti papo hapo. Meza iliyofuata ilikuwa ya yule wa kofia, na alikuwa ananitazama.